Fundi wa mafuta kule Birere, Goma: mkono mzuri, saa mbovu

Corolla yangu KE70 ilitoka kiwandani na kabureta. Mimi nikaitia injini ya 4A-FE, ya enjeksheni (inayopuliza mafuta kwa presha). Presha ya pampu ya zamani haifiki hata nusu bari, na injini hii inataka karibu bari 3. Fundi mmoja wa Birere akanijengea njia nzima ya mafuta upya: pampu ya umeme, filta, mrija wa kurudisha mafuta, na kitangi cha lita moja hivi ndani ya buti, ili nikikata kona tangi likiwa karibu tupu pampu isivute hewa. Kabla ya kuchomelea tangi alilijaza maji kwanza, mvuke wa mafuta usilipuke. Hapo nilimvulia kofia.

Lakini upande wa presha alifunga mpira wa kabureta, usiohimili presha hiyo! Siku ya pili nikasikia harufu. Kuinama, esansi (petroli) inatoka jasho kwenye klampu. Alibadilisha bila ubishi, ila bei ya mpira mpya nikabeba mimi. Na ile "kesho, papa" yake niliisikia siku 11.

Kazi dola 140, vifaa juu yangu. Sasa gari inapanda mawe ya lava bila kukohoa. Nitarudi kwake, mpira nikiwa nimeununua mwenyewe.