STRING: nyota nne kwa tovuti ya kubashiri jeni zinazoshirikiana

Kama unasoma mambo ya jeni hapa Dar na huna hela ya leseni za programu, anza na STRING. Ni bure, hujisajili, na haidai mashine kubwa: laptopu yangu ya mtumba kutoka Kariakoo inaifungua kwa bando la simu, nikiwa nimekaa zangu Upanga.

Unaandika majina ya jeni, inakuchorea protini zake kama vidoti vilivyounganishwa kwa mistari. Rangi inakwambia ushahidi umetoka wapi: waridi ni majaribio ya maabara, nyeusi ni jeni zinazowaka pamoja, njano ni majina yaliyokutwa yakitajwa pamoja kwenye makala. Kisha kila uhusiano unapewa alama kati ya 0 na 1.

Mimi huipima kwa selimundu, maana ndiyo ninayoishi nayo kazini. Weka HBB, BCL11A, HBG1, HBG2, KLF1 na MYB. Kasoro ipo HBB, jeni ya himoglobini ya ukubwani, lakini tiba mojawapo imepitia kwa jirani: BCL11A ndiyo inayozizima HBG, jeni za himoglobini anayokuwa nayo mtoto akiwa tumboni. Ukiidhoofisha BCL11A, himoglobini hiyo inarudi na chembe nyekundu haziumbuki ovyo. Tiba hiyo, Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, hufanya hivyo kwa kukata kipande cha DNA kinachoiwasha BCL11A kwenye seli za damu. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, tusiongee sana.

Shangazi yangu wa Mbagala, mjukuu wake ana selimundu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo kompyuta yako inatoa dawa lini?" Nikamjibu, "Shangazi, haidroksiyurea anayomeza mtoto nayo inapandisha himoglobini hiyohiyo. Asikose dozi."

Na kweli, tovuti haitoi dawa. Hata BCL11A ilijulikana kwa kulinganisha jeni za watu wenye himoglobini hiyo nyingi na wenye kidogo, matokeo yakatoka 2007 na 2008. STRING inakusaidia kuchagua jirani wa kumchunguza.

Nyota niliyoibania ni ya alama. Wanafunzi wengi wakiona 0.9 wanadhani jeni zimeshikana kwelikweli. Hapana: ile ni kiasi cha kuamini kwamba uhusiano upo, nguvu yake haimo. Tena mchoro unaofunguka mwanzo hauonyeshi nani anamzima nani, kwa hiyo mgeni anaweza kudhani BCL11A inaisaidia HBG1! Nenda kwenye mipangilio, toa 0.4 inayokuja nayo uweke 0.7, halafu zima ushahidi wa makala uone mistari mingapi inabaki.

Kwa tasnifu, pakua na jedwali, usibebe picha peke yake. Msimamizi atauliza kila mstari umetoka wapi.