Uzoefu wangu: safari ya siku moja ya Ziwa Lucerne na Mlima Pilatus tukiwa na mwongoza watalii

Safari hii huanzia Zürich, nchini Uswisi, asubuhi, hupita mji wa Lucerne, huvuka ziwa kwa meli hadi kijiji cha Alpnachstad, hupanda Mlima Pilatus kwa treni na kushuka upande wa pili kwa magari ya kebo. Kwa maoni yangu inastahili bei yake kwa sehemu ya ziwa na mlima, na haistahili kwa sehemu ya mjini. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu maelezo ya wauzaji wa safari za namna hii husifu mandhari, ambayo haihitaji msaada wa mtu kusifiwa, na hukaa kimya kuhusu mambo ambayo msafiri anayetoka Afrika Mashariki, hasa anayempeleka mzazi wake mtu mzima, angependa kuyajua kabla ya kulipa.

Nilikwenda mwishoni mwa Juni pamoja na mama yangu, mkazi wa Moshi, aliyekuwa amekuja kunitembelea kusini mwa Ujerumani ninakofanya kazi. Viza yake ya Schengen, yaani viza moja inayokubalika katika nchi nyingi za Ulaya, ilitosha, kwa kuwa Uswisi imo katika utaratibu huo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini pasipoti ni lazima iwe mkononi. Tulilipa chini kidogo ya faranga 200 kila mmoja, na ndani yake zilikuwamo nauli zote za basi, meli, treni na kebo pamoja na ujira wa mwongoza watalii. Chakula kilikuwa juu yetu. Mwenye kadi ya usafiri ya Swiss Travel Pass afanye hesabu kwanza, kwa kuwa meli za ziwani huzipanda bila kuongeza fedha na nauli ya Pilatus hupunguziwa nusu, na kwa mtu huyo kinachobaki kulipiwa katika safari ya kuongozwa ni maneno ya mwongozaji na wepesi wa kutopanga mwenyewe.

Maneno hayo, upande wetu, yalikuwa na thamani. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo mwenyeji wa eneo hilo, na alianza kueleza mara tu meli ilipoachana na gati la Lucerne. Ziwa lenyewe, ambalo wenyeji huliita kwa jina la kale la ziwa la majimbo manne ya misitu, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 114 na kina cha mita 214, na limejipinda katikati ya milima kiasi kwamba hakuna mahali unapoweza kusimama ukaliona lote. Kila meli inapozunguka rasi, ziwa jingine hufunguka mbele yako. Yetu ilikuwa meli ya kawaida ya dizeli, ila gatini tulipishana na mojawapo ya meli tano za mvuke zenye magurudumu ya makasia ambazo bado zinafanya kazi katika ziwa hili. Kongwe kuliko zote, Uri, ilianza kusafiri mwaka 1901, na jina la Uri ni la mojawapo ya majimbo yale manne.

Kushoto kwetu ulitokea mlima wa Bürgenstock wenye mwamba uliosimama wima na lifti iliyojengwa ubavuni mwake mwaka 1905, inayopanda zaidi ya mita 150 hadi sehemu iitwayo Hammetschwand. Juu ya mlima huo kuna hoteli ambako ulifanyika mkutano wa amani ya Ukraine mnamo Juni 2024, mkutano ambao Rais wa Kenya alihudhuria. Mwongozaji aliposikia tunakotoka alilitaja hilo, na mama akapata mahali pa kuyapachika mazungumzo ya taarifa ya habari aliyokuwa ameyasikia nyumbani. Safari ya majini huchukua takriban saa moja na nusu. Ningeshauri kukaa nje, kwenye sitaha, hata kama kuna baridi kidogo, kwa kuwa vioo vya ndani huakisi mwanga na kuharibu picha.

Kitu kimoja kilinisumbua hapa: maelezo yalitolewa kwa Kiingereza kisha yakarudiwa kwa Kijerumani, na mara nyingi mwamba uliokuwa ukielezwa ulikuwa umeshapita kabla lugha ya pili haijafikiwa. Mimi nilimtafsiria mama kwa Kiswahili, kwa hiyo kwetu zilikuwa lugha tatu. Anayeweka nafasi aulize mapema kundi litaongozwa kwa lugha ngapi.

Kutoka Alpnachstad ndipo linapoanza jambo ambalo lilinifanya nichague Pilatus badala ya milima mingine. Reli inayopanda kutoka hapo ndiyo reli ya meno yenye mwinuko mkali kuliko zote duniani. Mahali palipo pakali zaidi, kwa kila mita 100 za mlalo treni hupanda mita 48. Ilifunguliwa mwaka 1889 ikiendeshwa kwa mvuke na kuingizwa umeme mwaka 1937. Reli nyingine za meno hutumia gurudumu lenye meno lililosimama wima na kukanyaga ngazi ya chuma iliyolazwa katikati ya njia, lakini kwenye mwinuko wa namna hii gurudumu hilo lingeweza kujiinua na kuchomoka. Mhandisi Eduard Locher aliulaza ufito wa chuma katikati ya njia, akauchonga meno pande zote mbili, kulia na kushoto, kisha akaweka magurudumu mawili ya meno yaliyolala ambayo huubana ufito huo kutoka pande zote mbili. Treni haiwezi kuruka wala kuyumba, kwa sababu imeushika ufito. Mwongozaji alituonyesha ufito wenyewe kituoni kabla ya kupanda, akainama na kuugusa, na hilo peke yake liliwatuliza abiria waliokuwa na hofu kuliko maneno yoyote ambayo angeyasema. Zaidi ya miaka 130 baadaye kanuni ni ileile, ingawa mabehewa yenyewe ni mapya.

Wenye wazazi wazingatie kwamba kituo na behewa vyote vimejengwa kwa vidaraja kama ngazi, kila chumba kikiwa juu ya kingine. Mama ana magoti mabovu, na tulipanda chumba cha chini kabisa ili asipande vidaraja vingi. Wahudumu walitungoja bila haraka yoyote. Njia nzima ni ya kilomita nne na nusu hivi, na kwa karibu nusu saa unaiacha misonobari, unaingia kwenye majani mafupi ya malisho, kisha unapita ubavuni mwa mwamba mtupu ambako chini ya dirisha huoni kitu isipokuwa ziwa.

Kwenye malisho hayo mama alizungumza zaidi ya alivyozungumza siku nzima. Aliwaona ng'ombe wenye kengele shingoni wakila kwenye mteremko ambao mtu angeushuka kwa kukalia makalio, akataka kujua ni wa nani na walifikaje. Mwongozaji akaeleza kwamba wafugaji huwapandisha ng'ombe mlimani mwanzoni mwa kiangazi, hukaa nao huko na kutengeneza jibini palepale, kisha huwashusha kunapoanza baridi, wakati majani ya bondeni yamekwisha kukatwa na kukaushwa kwa ajili ya miezi ya theluji. Kwetu Uchaggani ng'ombe hukaa bandani na majani hubebwa kichwani hadi alipo. Hapa ng'ombe ndiye anayeyafuata majani. Mama aliuliza mengi kuhusu maji, uzio na nani hulala na mifugo usiku, na mwongozaji aliyajibu yote kwa heshima, akiwaacha watalii wengine wasubiri hadithi ya mzimu wa mlima huu.

Hadithi hiyo nayo ilifika. Inasemekana mwili wa Pontio Pilato, aliyemhukumu Yesu, ulitupwa katika kiziwa kidogo cha mlima huu, na kwamba roho yake ilileta dhoruba kila ilipobughudhiwa. Wakuu wa Lucerne waliiamini kiasi cha kukataza watu wasipande, na mwaka 1387 makasisi sita walifungwa kwa kuvunja katazo hilo. Mwaka 1585 paroko wa mji, Johann Müller, alipanda na kundi la watu, akatupa mawe kwenye kiziwa na kumwita Pilato ajitokeze. Hakuna kilichotokea, na baadaye kiziwa kikafunguliwa maji yakatoka. Mimi, niliyekua nikiusikia Mlima Kilimanjaro ukitajwa kwa unyenyekevu, nilifurahi kwamba mwongozaji hakuisimulia kama upumbavu wa watu wa kale.

Kituo cha juu kiko mita 2,073 kutoka usawa wa bahari. Kwa kulinganisha, lango la Marangu, ambako wapandaji wa Kilimanjaro huanza tu kutembea, liko karibu mita 1,900, kwa hiyo mwenye hofu ya kukosa pumzi kwa ajili ya urefu aondoe shaka. Tofauti iko katika umbo: ziwa liko mita 434, na Pilatus huchomoza karibu wima kutoka humo, kiasi kwamba unaiona meli uliyoshuka ikiwa kidoa cheupe. Kutoka kituoni kuna ngazi za dakika kumi hivi hadi kilele cha Esel, na njia nyingine ndefu zaidi kuelekea Tomlishorn, kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 2,128. Nilipanda Esel peke yangu. Mama alikaa kwenye ukumbi wenye vioo akiwatazama mbuzi wa milimani wenye pembe ndefu zilizopinda wakitembea ukingoni mwa genge.

Joto hupungua kwa nyuzi kumi hivi kutoka ziwani hadi kileleni, na upepo huongeza baridi. Koti zito kidogo na kitambaa cha kichwa havikwepeki hata katikati ya kiangazi. Hali ya hewa ndiyo inayoamua thamani ya siku nzima: tulifika juu kabla ya saa sita mchana na kuiona minyororo ya Alpi yenye theluji upande wa kusini, na kufikia saa nane ukungu ulikuwa umeufunika kabisa Tomlishorn. Makundi yaliyopanda baada yetu yaliona weupe mtupu. Kwa hiyo chagua safari inayoondoka mapema, na asubuhi ya siku yenyewe tazama kwenye intaneti kamera zinazoonyesha kilele moja kwa moja. Uliza pia kama kampuni hukubali kuahirisha kukiwa na ukungu, yetu haikukubali.

Chakula cha juu ni ghali. Nilikula tambi zilizopikwa na viazi, jibini na vitunguu, zinazoliwa pamoja na rojo la tufaa, na zilikuwa nzuri na za kushibisha, ila Mwislamu aulize kwanza, kwa kuwa mara nyingi hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe. Hakuna ubaya kubeba mkate na matunda kutoka madukani kwenye stesheni ya Lucerne, na maji ya bombani ni salama.

Nikiwa pale juu nilikumbuka mjadala wa mwaka 2019, serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba inafikiria kujenga gari la kebo Kilimanjaro na wapagazi wakahofia riziki zao. Wapo watakaorudi kutoka Pilatus wakisema nasi tufanye hivyo. Sikubaliani nao. Hapa mtu hupelekwa kwenye mwinuko ambao mwili unauvumilia bila kuzoezwa, na reli haikumnyang'anya kazi mpagazi wa leo; mambo yote mawili ni kinyume kwetu. Lakini kumwona mama mwenye magoti mabovu akiwa kileleni kulinifanya niwaelewe vizuri zaidi waliolitoa wazo lile.

Kushuka kulikuwa kwepesi. Gari kubwa la kebo lililoanza kutumika mwaka 2015 hushusha watu hadi Fräkmüntegg, kisha vibanda vidogo huteleza polepole juu ya misitu na malisho hadi Kriens, ambako basi lilitungoja.

Sehemu ya mjini ndiyo iliyoniudhi. Programu ilisema tungetembezwa Lucerne, na Lucerne inastahili kutembezwa. Kuna daraja la mbao la Kapellbrücke la karne ya 14, ambalo moto wa Agosti 1993 uliunguza sehemu yake kubwa pamoja na michoro yake mingi, likajengwa upya mwaka uliofuata. Na kuna simba anayekufa aliyechongwa kwenye mwamba mwaka 1821, kwa mchoro wa Mdenmaki Thorvaldsen, kuwakumbuka walinzi wa Kiswisi waliouawa Paris mwaka 1792. Simba tulimtazama kwa dakika chache tu, darajani tulipita mwendo wa haraka, kisha tukapelekwa kwenye duka la saa na kuachwa humo kwa muda mrefu kuliko sehemu zote mbili pamoja. Hakuna aliyelazimishwa kununua, lakini wazee walikuwa wamechoka na viti vilikuwa vichache. Mwongozaji alionekana kutolipenda jambo hilo, na naamini halikuwa uamuzi wake.

Niliiandikia kampuni kuhusu hilo, wakajibu kwa adabu kwamba dukani ni kituo cha kawaida cha ratiba yao. Niliwaomba walitaje waziwazi kwenye tangazo lao pamoja na muda wake. Anayetaka kuepuka hilo anaweza kuomba kushukia Lucerne na kurudi Zürich kwa treni ya kawaida, inayochukua chini ya saa moja. Na mwenye shabaha ya kukanyaga theluji wakati wa kiangazi asiende Pilatus; aweke nafasi ya safari ya Mlima Titlis, ambako kituo cha juu kiko zaidi ya mita 3,000 na kuna barafu mwaka mzima.