LiteBeam 5AC Gen2 kwenye mapaa ya Dar: 256QAM inapatikana, ila ina masharti

Hiki ni kifaa cha kuunganisha majengo mawili bila waya: dishi dogo la dBi 23 (kipimo cha jinsi dishi linavyokusanya mawimbi upande mmoja), masafa ya 5 GHz, umeme wa volti 24 unaopanda kwenye kebo ileile ya mtandao. Kwa umbali wa kilomita 1 hadi 5 ndani ya Dar es Salaam tunakipendekeza bila kusita. Tatizo ni kwamba wengi wanakinunua kwa ajili ya ile 8X, yaani 256QAM, ya kwenye skrini, kisha wanahangaika nayo wiki nzima.

Programu yake ya airOS inaandika modulesheni, yaani namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi, kwa kifupi: 2X ni QPSK, 4X ni 16QAM, 6X ni 64QAM, 8X ni 256QAM. Namba hiyo ni idadi ya biti zinazobebwa na kila simboli, yaani kila badiliko moja la wimbi. Ukitoka 6X kwenda 8X unapata kasi zaidi kwa theluthi moja tu, lakini nukta, yaani hali za wimbi ambazo kipokezi lazima kizitofautishe, zinakuwa mara nne kwenye eneo lilelile. Kelele kidogo tu inatosha kuifanya nukta moja isomeke kama jirani yake. Kwa hiyo unahitaji dB 6 hivi (dB ni kipimo cha uwiano wa nguvu) za ziada juu ya kelele: 64QAM inatosheka na takriban dB 24, 256QAM inataka 30 na kuendelea. Hizo dB 6 ni sawa na kurusha kwa nguvu mara nne, au kukata umbali nusu.

Tupige hesabu ya kilomita 5 kwenye 5.8 GHz. Njia inakula dB 122. Ukirusha dBm 20 (dBm hupima nguvu ya mawimbi) na kujumlisha dBi 23 za kila upande, upande wa pili unapokea kama -56 dBm. Kwenye chaneli ya 40 MHz kelele ya kawaida ni karibu -93, hivyo unabaki na dB 37, na 8X inashika vizuri. Sasa funga dishi hilohilo kwenye paa la Kariakoo lenye redio nyingi za 5 GHz. Kelele ikifika -80 unabaki na dB 24, na 8X huioni tena. Dishi hili liko wazi pembeni, halina ngao ya kuzuia mawimbi ya majirani, na huo ndio udhaifu wake mkubwa mjini.

Usikimbilie kupandisha nguvu. Fungua mchoro wa nukta ndani ya airOS uuangalie kwa makini. Nukta zote zikiwa zimevimba kama mawingu, hiyo ni kelele: badilisha chaneli au lenga upya. Zikiwa zimevutwa kama vipande vya duara, fezi, yaani mpangilio wa wakati wa wimbi, inayumba. Zile za kwenye kona zikiwa zimebonyea kuelekea katikati, amplifaya imezidiwa, na dawa ni kupunguza nguvu.

Upana wa chaneli una uzito kuliko modulesheni. Kwa mikondo miwili ya data inayorushwa kwa pamoja, 40 MHz kwenye 64QAM inafika Mbps 300 hewani, wakati 20 MHz kwenye 256QAM inaishia 173. Kaa na 40 MHz na 6X iliyotulia. 80 MHz inaongeza kelele dB 3 na inagusa majirani wengi zaidi. Na kumbuka kutuma na kupokea vinagawana chaneli moja, kwa hiyo kasi unayoipata kwenye kompyuta ni ndogo kuliko hiyo ya hewani.

Makosa mengine ni ya kawaida. Kujaribu redio mbili mezani, zikiwa zimeachana mita moja tu: kipokezi kinazidiwa, modulesheni inaanguka, kifaa kinalaumiwa bure. Kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba: volti zinapungua njiani, mlango wa kebo ya mtandao unashuka hadi Mbps 100, na hapo 256QAM haikusaidii chochote. Nunua kebo ya shaba halisi, ya nje, yenye ngao, uiunganishe na waya wa ardhi.

Kiungo cha kuvuka maji kwenda Kigamboni kinataka uangalifu wa peke yake. Madishi yakiwa mita 25 juu ya maji, umbali kilomita 5, mawimbi yanayogonga maji yanasafiri sentimita 25 zaidi ya yale ya moja kwa moja. Bamvua ikipandisha maji mita 3, tofauti inashuka hadi sentimita 19. Urefu wa wimbi ni sentimita 5 tu, kwa hiyo ndani ya saa sita mawimbi mawili yanasaidiana, yanauana, kisha yanasaidiana tena. Dishi haliwezi kuyatenga, maana pembe ni ndogo mno. Rudisha dishi moja nyuma kidogo juu ya paa hadi ukingo wa jengo ufiche maji lakini dishi la ng'ambo lionekane, na katikati ya njia acha nafasi ya mita 5 isiyo na kizuizi. Halafu pima siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, kabla hujamkabidhi mteja.