Mzinga wa polistaireni baada ya misimu minne ya baridi: uzoefu wangu

Huu ni mzinga wa nyuki wa aina ya Langstroth, yaani sanduku lenye fremu 10 za masega zinazotolewa, uliofinyangwa kwa polistaireni (povu gumu la plastiki) iliyoshindiliwa, kuta zake zina unene wa sentimita 4. Nimeutumia sambamba na mizinga ya mbao kwa misimu minne ya baridi. Kabla ya kununua wa aina hii, ubonyeze kwa kidole gumba. Povu zuri la mizinga lina uzito wa karibu kilo 100 kwa kila meta ya ujazo na halibonyei. Lile jepesi la kufungashia vyombo humeguka pembe mara tu linapoguswa na patasi.

Faida yake kubwa iko kwenye kifuniko. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, nyuki hujikusanya donge moja, hutetemesha misuli ya mabawa na kula asali ili katikati pasipoe. Asali hiyo hutoa maji: kila kilo inayoliwa huacha zaidi ya nusu lita ya mvuke. Kwenye mzinga wa mbao wenye kifuniko chembamba, mvuke hupanda, hukutana na dari baridi na kuwarudia nyuki kama matone. Nyuki mkavu huvumilia baridi kali. Aliyelowa hafiki asubuhi. Humu dari hubaki na joto, kwa hiyo maji hujikusanya kwenye kuta za pembeni na kutiririka hadi sakafu ya wavu. Ukungu nimeuona kwenye fremu za kando tu. Usiweke kijiti chini ya kifuniko ili hewa ipite, kama wengi wafanyavyo kwenye mbao, maana joto lote hutorokea hapo. Funga juu kabisa, wavu wa chini unatosha kupumulia.

Tatizo huja mwishoni mwa baridi, na hapa ndipo ningependa kila mnunuzi asome mara mbili. Kwa kuwa ndani kuna joto, malkia huanza kutaga mapema kuliko kwenye mbao. Pakiwa na majana (watoto wa nyuki), nyuki hulazimika kushikilia nyuzi 34 hadi 35, na akiba iliyokuwa ikipungua taratibu huporomoka. Kundi lililokula kidogo hadi katikati ya baridi linaweza kufa njaa wiki chache tu kabla ya maua. Kwa hiyo sipunguzi akiba hata kidogo: kilo 20 za chakula kwa kundi kamili, sawa na kwenye mbao. Napima kwa mizani ya ndoano, nanyanyua ubavu mmoja wa mzinga hadi uachane na kibao unachokalia, kisha wa pili, najumlisha na kutoa uzito wa mzinga, fremu na nyuki. Shurubati ya kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji iishe kabla mchana haujashuka chini ya nyuzi 10. Baada ya hapo nyuki hawaichukui wala hawawezi kuikausha. Upungufu ukijitokeza baadaye, weka sukari ya kukanda, kilo 1, juu ya fremu palepale nyuki walipo. Ikikaa fremu mbili pembeni, wanaweza kufa njaa bila kuigusa.

Kutaga mapema kunabana pia tiba ya utitiri wa varroa, kimelea cha nyuki. Asidi ya oksaliki ya kudondosha, mililita 5 kwa kila uchochoro kati ya fremu uliojaa nyuki, hufanya kazi vizuri pasipo majana yaliyofunikwa kwa nta, na katika mzinga huu kipindi hicho ni kifupi. Usingoje.

Matunzo yake yana masharti. Moto wa gesi unauyeyusha, kwa hiyo huoshwa kwa magadi ya kufulia na maji ya uvuguvugu. Paka rangi ya maji, mikono miwili, nje tu. Rangi ya mafuta yenye tina (kiyeyusho cha rangi) hula povu, na bila rangi jua huligeuza unga. Viwavi vya nondo wa nta hutoboa vijishimo ukutani, sisimizi huhamia humo, na panya hutafuna mlango, basi pigilia bati lenye matundu ya milimita 9 kabla nyuki hawajajikusanya. Ni mwepesi mno, ufunge mkanda. Gundi ya nyuki hung'ang'ania kingo kweli: ingiza patasi penye pembe za plastiki tu, polepole, la sivyo utaacha upenyo wa kuingilia nyuki wezi.

Nyota 4 kati ya 5. Makundi madogo ya fremu 5 au 6 ndiyo yaliyofaidika zaidi. Kwenye mbao mengi ya ukubwa huo hayakuvuka. Kwa kundi lililojaza fremu 10, mzinga wa mbao wenye kipande cha povu cha sentimita 5 chini ya paa umenipa matokeo yanayokaribiana sana na haya.