Second Life: Wageni Wakubwa na Wakaazi Waliotangulia

Second Life ni dunia ya kompyuta iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwezi Juni 2003, nami nimeitumia kwa muda wa kutosha kujenga humo nyumba ya mawe yenye baraza mbili na mlango wa nakshi. Watumiaji wake huitwa wakaazi, neno ambalo sisi Wazanzibari tunatembea nalo mfukoni, kwenye kitambulisho, na uzito wake tunaujua. Ndiyo maana tathmini hii inatazama zaidi namna mwenye dunia hiyo alivyoyakaribisha makampuni makubwa na alivyowatendea waliokwishahamia.

Huduma yenyewe ni nzuri. Kujiandikisha ni bure, na tangu Novemba 2003 mkaazi anabaki na haki za kazi aliyoiunda, akaweza kuiuza kwa sarafu ya humo ambayo hubadilishwa kwa dola za Marekani. Kikwazo ni kwamba kila kiwanja kina kikomo cha vipande vya kujengea. Nilisimamisha miimo ya mlango wangu, nikaweka mfaa katikati ya mbao mbili, nikaanza kupachika njumu moja moja. Kabla ya kuumaliza ubao wa pili, vipande vya kiwanja vikaisha. Ilinibidi nizing'oe zote na kubandika picha ya njumu juu ya ubao mtupu. Mpita njia hatambui, ila fundi wa Mji Mkongwe angetambua mara moja.

Baina ya 2006 na 2007 wakaja wakubwa. American Apparel ilifungua duka, Reuters ikaweka ofisi ya habari, IBM na Toyota nazo zikaingia, na Mei 2007 Sweden ikafungua jengo la ubalozi. Mengi ya majengo hayo yalikuwa ya kupendeza lakini matupu, yasiyo na muuzaji wala wa kuitikia hodi, na American Apparel ilifunga duka lake mwaka huo huo wa 2007. Kwetu husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Humo waliopona ni mafundi wachache waliolipwa kuyajenga majengo. Wengine walipata jirani asiyekaa nyumbani.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuja Oktoba 2008. Kampuni ilikuwa ikikodisha maeneo mepesi kwa dola 75 kwa mwezi, yenye vipande 3,750 badala ya 15,000 vya eneo kamili, yaliyokusudiwa kuwa bahari na misitu. Watu wakayajengea nyumba na kuzipangisha, mitambo ikalemewa, na kampuni ikatangaza kwamba kodi itapanda hadi dola 125. Hoja ya mitambo naikubali. Nisichokikubali ni kumwuzia mtu kiwanja, kumwacha ajenge, kisha kumpandishia kodi kwa zaidi ya nusu baada ya kuwa na wapangaji wake. Malalamiko yalikuwa makubwa hata ikabidi ongezeko ligawanywe kwa awamu mbili ndani ya 2009.

Mwezi Novemba 2009 kampuni ilitoa toleo maalumu kwa ajili ya maofisi, la kuwekwa ndani ya mitambo ya mteja mwenyewe, kwa bei ya kuanzia dola 55,000. Halikufika mbali: Juni 2010 asilimia 30 ya wafanyakazi walipunguzwa, na toleo hilo nalo likaachwa mwaka huo. Oktoba 2010 zikaja habari kwamba vyuo na mashirika ya hisani yangeondolewa punguzo lao la nusu bei, ilhali hao ndio waliokuwa na madarasa yenye watu. Punguzo lilirudishwa 2013, baada ya baadhi yao kuhamia kwengine.

Nyota nne kwa zana za kujengea, mbili kwa utunzaji wa wakaazi. Mwenye hoteli ya Nungwi au Paje anayefikiria kuingia humo asianze kwa kununua kisiwa. Akodi kiwanja kidogo kwa mkaazi mwenyeji, amlipe fundi wa humo humo, na aweke mtu barazani kila jioni wa kupokea wageni kwa jina.