Miezi 4 kwa mshauri nasaha jijini Mwanza: tathmini ya askari wa Dawati la Jinsia na Watoto

Mwaka jana nilikuwa mteja wa kituo kimoja cha ushauri nasaha hapa Mwanza, kilichopo kwenye mojawapo ya vilima vyetu vya mawe, mahali ambapo ukisimama kizingitini unaliona ziwa. Nilihudhuria vikao 11 kwa muda wa miezi 4, nikavilipia kwa fedha yangu mwenyewe, na naandika tathmini hii kwa ajili ya askari wenzangu pamoja na wake na waume zao, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuona kwamba mtu wao hayuko sawa. Jina la kituo sitalitaja. Wapo wenzangu wanaokwenda huko hivi sasa, na jina likishajulikana watu wataanza kuutazama mlango ili wajue nani anaingia. Nitakieleza kwa undani wa kutosha ili mwenye kuhitaji aweze kuipima huduma yoyote atakayoikuta.

Nimekaa katika Dawati la Jinsia na Watoto, yaani meza ya polisi inayopokea kesi za ukatili wa kijinsia na za watoto, kwa miaka 9. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusikiliza. Mama anakuja na mtoto, unawaandikia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, waende hospitali, wanarudi, kisha unaandika maelezo. Na maelezo ya mtoto huandikwa polepole, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu neno moja utakalomtilia mdomoni linaweza kuivunja kesi mahakamani. Maneno hayo nilianza kuyasikia usiku, kwa sauti zao wenyewe. Nikaacha kumtuma binti yangu dukani, hata duka ambalo linaonekana kutoka mlangoni kwetu. Nikamkatalia kwenda kulala kwa bibi yake. Nilikuwa naamka saa 8 usiku kwenda kushika komeo nihakikishe kwamba limefungwa, narudi kitandani, na kabla usingizi haujanichukua naamka tena kwenda kulishika. Baba watoto alivumilia kwa muda mrefu, mpaka siku moja akaniambia kwa upole, "Mama, siku hizi hata mimi unanitazama kama mtuhumiwa." Wiki hiyohiyo nilipiga simu.

Aliyepokea simu aliniuliza mambo mawili tu, jina ambalo ningependa kuitwa na saa ambayo ningeweza kufika, na hilo lilinipa moyo. Nilikwenda nikiwa nimevaa kiraia. Mshauri ni mwanasaikolojia wa kike, umri wake ni kama wa mdogo wangu; aliniamkia "Shikamoo dada", nikamwitikia, kisha akauliza, "Humu ndani nikuite afande au nikuite dada?" Nilimwambia aniite dada. Swali lile linaonekana dogo, lakini kwa mtu ambaye tangu asubuhi hadi usiku anaitwa kwa cheo chake, kuulizwa hivyo ni kama kupewa kiti.

Kabla ya kuniuliza lolote alinieleza habari ya usiri, na alitumia karibu dakika 20 kwa jambo hilo peke yake. Jalada langu lingekuwa na namba bila jina, lingefungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao yeye, na kituo kisingepeleka taarifa yoyote kwa mwajiri wangu bila ridhaa yangu ya maandishi. Nilimuuliza waziwazi kuhusu silaha na kuhusu kupandishwa cheo, kwa kuwa hofu ya askari wengi iko hapo: ukisema kwamba hulali, kesho utanyang'anywa bunduki, keshokutwa utahamishwa, na kwenye kota watasema umechanganyikiwa. Hakunifariji kwa uongo. Alisema ipo hali moja ambayo ingembidi azungumze na mtu mwingine, nayo ni pale ambapo uhai wangu au wa mtu mwingine uko hatarini, na kwamba hata katika hali hiyo angeniambia mimi kwanza, kisha tukubaliane ni nani wa kuambiwa.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili huwa halisemwi. Askari anayefikiria kuutoa uhai wake anajua kuliko mtu mwingine yeyote kwamba Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Huenda yeye mwenyewe amewahi kulifungulia jalada kosa hilo. Mtu wa namna hiyo atapata wapi ujasiri wa kulitamka wazo lake mbele ya mgeni? Mshauri alinieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba kuwa na wazo na kulisema ndani ya chumba kile si kosa kwa sheria yoyote, na kwamba humuuliza kila mteja wake kama analo wazo hilo, awe polisi, mvuvi au mwalimu. Nilimjibu kwamba sikuwa nimefika huko, na ilikuwa kweli, lakini niliona jinsi ambavyo mwenzangu aliyefika huko angeweza kujibu.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha upimaji. Nilijaza dodoso la maswali 9 kuhusu sonona, ambalo lipo kwa Kiswahili kizuri, na jingine la maswali 20 kuhusu dalili za kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na mambo ya kutisha. Sikulazimishwa kusimulia kesi yoyote siku ile, na naiona hiyo ni sifa kubwa ya kituo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani halishauri mtu aliyetoka kupatwa na tukio zito awekwe kwenye kikao kimoja cha kutapika yote kwa imani kwamba kitamkinga na maradhi.

Nilipomwambia kwamba mimi sijapigwa risasi wala sijanusurika ajalini, kwa hiyo sioni haki ya kuitwa mwenye kiwewe, alifungua mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la 5 lililotoka mwaka 2013, akanionyesha aya inayohusika. Mwongozo huo unakubali kwamba mtu anaweza kuumizwa kwa kukutana mara kwa mara, kwa sababu ya kazi yake, na undani wa mambo ya kutisha yaliyowapata wengine, na kati ya mifano miwili iliyowekwa pale mmoja ni wa polisi wanaosikia tena na tena habari za watoto waliotendewa ukatili. Niliisoma sentensi ile mara tatu. Kwa miaka yote hiyo nilidhani ni udhaifu wangu.

Mfano mwingine ni wa waokoaji wanaokusanya mabaki ya miili ya watu, na papo hapo nilimkumbuka jirani yangu wa kota. Alikuwa kisiwani Ukara mwezi Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na kufika gatini na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Alishinda siku kadhaa pale akipokea miili iliyokuwa ikitolewa majini. Ni mzaliwa wa Ukerewe, amekulia kwenye samaki, lakini tangu mwaka ule hakuna sato wala sangara anayeingia nyumbani kwake, na mkewe akitaka kula samaki huja kupika kwangu. Sisi tulisema ni tumbo. Naye hakutukatalia.

Tiba niliyopewa ni ile ya kuyachunguza mawazo yaliyomgandamana mtu baada ya kiwewe, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa vikao vinavyokaribia 12, na ndani yake una kazi ya kuandika nyumbani. Wazo langu lilikuwa hili: kama ningemaliza kuandika maelezo mapema zaidi, mtoto fulani asingerudishwa katika nyumba ile kwa usiku mmoja zaidi. Nilikuwa nimelibeba kwa miaka 3 bila kumwambia mtu. Mshauri hakuniambia nisijilaumu, kama ambavyo ndugu wangesema. Alinitaka nilifungulie jalada wazo hilo, nikusanye ushahidi unaoliunga mkono upande mmoja wa karatasi na ushahidi unaolipinga upande wa pili, kama ambavyo ningefanya kwa kesi ya mtu mwingine. Basi nikaandika. Upande wa kwanza ulipata mistari miwili. Upande wa pili niliandika saa ambayo mama yake alifika kituoni, saa niliyoandika PF3, foleni ya hospitali, saa waliyorudi, mtoto aliyesinzia katikati ya maelezo, na jamaa mwenye nyumba aliyewachukua kabla gari halijapatikana. Niliposoma kwa sauti niliyoyaandika, nililia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu nitoke mafunzoni Moshi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, hakuangalia saa, wala hakuniletea haraka haraka ile glasi ya maji ambayo watu hukuletea ili unyamaze.

Alinifundisha pia namna ya kujirudisha pale nilipo wakati sauti zinapoanza: vitu 5 ninavyoviona, 4 ninavyoweza kuvigusa, 3 ninavyovisikia, 2 ninavyovinusa, 1 ninachokionja. Mazoezi hayo niliyafanyia kando ya ziwa, karibu na Jiwe la Bismarck, kwa kuwa huko kuna vya kutosha kuona na kunusa, na sasa nayafanya hata nikiwa kaunta ya kituo cha polisi bila mtu kujua. Kuhusu usingizi alinionya juu ya bia, kwamba humlaza mtu haraka kisha huukatakata usingizi wake usiku kucha, na juu ya vidonge vya usingizi ambavyo baadhi yetu hununua dukani bila cheti cha daktari.

Sasa niseme yaliyonikera, kwa sababu huduma hii nataka iendelee na iwe bora zaidi.

La kwanza na kubwa lilitokea katika kikao cha 3. Nilikuwa nimeketi mapokezi pamoja na watu wengine 6, na mmoja wao alikuwa shahidi katika kesi niliyoipeleleza mimi. Mhudumu wa mapokezi, nadhani kwa nia ya kunipa heshima, alisimama akaita kwa sauti, "Afande, mwanasaikolojia yuko tayari." Watu wote waligeuka. Yote aliyoyajenga mshauri kwa dakika 20 za siku ya kwanza yalibomoka kwa sentensi moja ya kaunta, na nilikaribia kabisa kutorudi. Kituo chochote kinachotaka kuwahudumia polisi kinapaswa kumfundisha usiri mtu wa mapokezi kabla hakijanunua kiti cha mshauri. Niliandika malalamiko. Ninachokisifu ni kwamba msimamizi alinipigia simu siku iliyofuata, akaomba radhi, na ndani ya wiki 2 wateja wakaanza kuitwa kwa namba, na ukafunguliwa mlango wa nyuma, ule unaotazamana na mwembe, kwa wale wasiotaka kupitia mapokezi.

La pili ni saa za kazi. Kituo hufungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi saa 6 mchana. Maisha ya askari hayafuati ratiba hiyo. Niliwahi kuitwa kazini ghafla nusu saa kabla ya kikao, na nikatozwa nusu ya malipo kwa kutofika. Mshauri alijitolea kuzungumza nami kwa simu nyakati za zamu ya usiku, lakini katika kota tunatenganishwa na jirani kwa ukuta mmoja, kwa hiyo nilikuwa natoka kwenda kukaa ufukweni ndipo nizungumze. Wenzetu wa Sengerema wamepata nafuu ya njia tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, maana hawasubiri tena kivuko, lakini daraja haliwezi kumpa mtu ruhusa ya kutoka lindoni.

Karatasi za mazoezi ya nyumbani nazo zilikuwa kwa Kiingereza. Mshauri alinitafsiria kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila dakika hizo zilitoka kwenye muda wangu. Malipo yalikuwa shilingi 30,000 kwa kikao. Kwa konstebo mwenye watoto shuleni hiyo si fedha ndogo, na ningependa kituo kiweke kiwango cha chini kwa wanaokuja kwa fedha yao wenyewe.

Hata hivyo, kwa mshauri mwenyewe ningerudi kesho, na nimeshapanga kurudi mara moja kila baada ya miezi 3 maadamu bado nipo dawatini. Binti yangu sasa anatumwa chumvi. Nasimama mlangoni mpaka nimwone anarudi, hilo sijaliacha, lakini simfuati tena. Komeo nalishika mara moja.

Mwezi uliopita mke wa jirani yangu alikuja kupika samaki kwangu, na wakati anawapaa magamba aliniuliza taratibu kama ile namba ya simu bado ninayo. Nilimwandikia kwenye kikaratasi, nikamweleza kwamba mzee akienda aombe nafasi ya saa 2 asubuhi, watu wakiwa wachache, na apitie mlango wa kwenye mwembe.