Huduma ya kunyooshwa misuli, Mikocheni
Kliniki ndogo ya mazoezi tiba iliyopo Mikocheni hutoa huduma ya kunyooshwa misuli, na ninaisifu hasa kwa kutumia kwa uangalifu mbinu ya kukaza na kulegeza, iliyotokana na kazi ya daktari Herman Kabat nchini Marekani katika miaka ya 1940. Mtaalamu huinua mguu hadi msuli wa nyuma ya paja uvutike, humwomba mteja ausukume mkono wa mtaalamu kwa mguu huo kwa sekunde 6 hivi pasipo mguu kusogea, kisha mteja anapolegea huuinua zaidi kidogo, akiuliza kila mara kama kuna maumivu. Chumba kina joto. Wakimbiaji watafaidika sana; mwenye jeraha bichi asubiri kwanza.